Ngoma ya Msiba wa Yoofi

Kobina Ansaba alikuwa mshona nyavu hodari kuliko wote pale Mpoano, na mwoga kuliko wote pia, ingawa hilo la pili watu walichelewa kulijua. Ungemwona barazani, wavu ameunasa kwenye kidole gumba cha mguu, anawatania wanawake wachuuzi wa samaki, ungedhani hana lolote moyoni. Alikuwa nalo, na alikaa nalo miaka ishirini na sita.

Pwani yetu ya Wafante, Jumanne ni siku ya bahari kupumzika. Hakuna mtumbwi unaoguswa. Kobina na rafiki yake Yoofi Egyir walitoka Jumatatu jioni, wakavua mpaka mtumbwi ukajaa, na alfajiri Yoofi akataka warudi.

"Kunakucha, bwana. Hii sasa ni Jumanne."

"Jua lenyewe halijatoka," Kobina akasema. "Wewe unaogopa bahari au unamwogopa mkeo Esi? Tupa mara moja tu, ya mwisho."

Wakatupa. Wavu ukanasa kitu kizito kisichokubali kuvutwa, mtumbwi ukalala ubavu, nao wakashushwa chini, wazima, macho wazi, mpaka kwenye lango la mji.

Mji wa chini ya bahari wengine tunaujua kwa kusimuliwa tu. Kobina aliujua kwa kukaa ndani yake. Una mitaa, una soko, na wenyewe si watu wakatili: wanakupa chakula, wanakupa mahali pa kulala. Ila wanaokamatwa wakifanya kazi siku ya mapumziko, lango hawalipiti. Yeye na Yoofi waliwekwa kushona nyavu zilizopotelea baharini, pamoja na mabaharia wa meli zilizovunjika zamani, Wazungu wenye ndevu mpaka kifuani, na Wakru, watu wa pwani ya mbali, waliozama na mashua za mizigo. Sheria ya kule ni moja. Kila mwaka anaachiliwa mfungwa mmoja, kwa zamu, kama nyumbani kwake bado hawajamlilia. Lakini aliyekwisha kupigiwa ngoma ya msiba, ngoma ile husikika mpaka kule chini, na tangu siku hiyo anakuwa wa kule moja kwa moja. Kobina alimwona Mkru mmoja akiisikia ya kwao. Aliweka sindano chini, akasikiliza mpaka ikaisha, kisha akaokota sindano na kuendelea.

Mwaka ulipotimia zamu ikawa ya Kobina, maana mama yake alikataa katakata kumlilia. Wa mwaka unaofuata alikuwa Yoofi. Yoofi akamsindikiza hadi langoni.

"Mwambie Esi mwaka mmoja tu. Asipige ngoma. Mwambie nakuja."

"Nitamwambia kabla sijanywa maji."

"Wewe mdomo wako naujua, unasema yote yasiyoulizwa. Hili usilisahau."

Kobina akatokea ufukweni asubuhi, akitapika maji ya chumvi. Wanawake wakapiga mayowe, mama yake akaanguka. Na kweli, kabla hajanywa maji alipelekwa mbele ya Nana Tando, mkuu wa wavuvi, kama anavyopelekwa kila anayerudi kutoka baharini. Mji mzima ukajaa uani.

"Pole, mwanangu," Nana akasema. "Mlipinduka siku gani?"

Swali lenyewe ndilo hilo tu. Kobina akawatazama wazee, akamtazama mama yake, kiongozi wa waimbaji wa mji, amekaa mbele na kitambaa cheupe cha furaha. Akisema Jumanne, kondoo watachinjwa ufukweni kwa jina lake, mtumbwi wa kwao utakaa mchangani mwaka mzima, na wanawake wale wale watamtungia wimbo wa kumcheka mpaka kaburini.

"Jumatatu, Nana. Mkondo ulinichukua mbali, nikaokotwa na meli, na leo nimejitosa nije kwa kuogelea."

Watu wakashusha pumzi. Lakini kama ilikuwa Jumatatu, basi hakuna aliyechukuliwa na mji wa chini, na asiyerudi amekufa maji. Kobina hakuliona hilo mpaka aliposimama Esi Kwansima, mke wa Yoofi, ambaye mwaka mzima alikuwa amekataa kunyolewa nywele za ujane. Kwetu, kama maiti haipo na wa nyumbani wamekataa kulia, hakuna matanga mpaka aliyeona kwa macho yake aseme.

"Kaka Kobina. Nitazame mimi. Ulimwona mume wangu akifa?"

Kobina akainamisha uso. Akajiambia: leo nitasema ndiyo, kesho nitamfuata kwake nimweleze kwa siri.

"Nilimwona," akasema.

Ikaja kesho, ikaja kesho nyingine. Mara kwa Esi kuna wageni, mara Esi yuko sokoni, mara yupo peke yake na Kobina mwenyewe ndiye anayegeuza njia. Jumamosi ya matanga alijikaza, akafika mlangoni asubuhi, amevaa kitambaa cheusi. Esi akamshika mikono kabla hajafungua kinywa.

"Asante, kaka. Mwaka mzima nilikuwa kama kichaa, mlango ukilia tu nasimama. Wewe umenipumzisha."

Akameza alichokuja nacho. Adhuhuri ngoma ikaanza. Kobina akaziba masikio kwa viganja, na watu, kwa kumhurumia, wakamletea glasi ya pombe kali.

Yoofi hakurudi. Kobina hakugusa tena kasia, hakuoa, akabaki na sindano na nyavu. Juzi juzi tu, Nana Tando amekwisha kufa, mama yake amekwisha kufa, hakuna tena wa kumwonea haya, ndipo bwana huyu akapata ushujaa! Akaenda kwa Esi, akamkuta akikausha samaki kwa moshi, akamweleza yote, tangu wavu wa mwisho hadi langoni.

Esi hakupiga kelele.

"Walikuwa wanampa chakula?"

"Walimpa, dada."

"Na kile kikohozi chake?"

"Kilipona."

Akageuza samaki wawili watatu.

"Na ngoma inasikika kule."

"Inasikika."

"Mtu anajua ni ya kwake? Anajua imetoka nyumba gani?"

"Anajua. Ngoma ya kwenu huwezi kuikosea." Kobina akapiga magoti kwenye majivu. "Esi, nitukane. Niite mbele ya wazee, nitasema yote."

"Nyamaza. Sikuwazi wewe." Akaifuta mikono kwenye kanga. "Miaka ishirini na sita, Kobina. Mume wangu yuko hai kule chini, anadhani ni mimi niliyechoka kumngoja."