Mafuta ya Mutura kwenye Kitambaa cha Ibada

Mnaotaka kunicheka nichekeni tu, maana nimeshajicheka na machozi yakaisha. Hakuna siku nimetamani ardhi ipasuke inimeze kama Jumapili ile ya ibada sebuleni kwa mama yangu, mtaani Baba Dogo, mbele ya watu wazima ambao wengi wao walinibeba mgongoni nikiwa mchanga.

Kwanza mjue nilivyolelewa. Kanisa letu ni la mabati, dogo, lakini sheria zake ni nyingi kuliko viti. Mwanamke afunike kichwa, suruali asivae, herini asiguse, na juu ya yote hatuli damu. Kwa hiyo mutura, ule utumbo wa mbuzi unaojazwa nyama na damu na kuchomwa kando ya barabara, sisi watoto tulipita karibu nao tumeziba pua, na ukigeuza shingo kidogo Mama anakufinya. Nikakua hivyo hadi mwaka jana, nilipoachishwa kazi nikapata muda wa kusoma Biblia mwenyewe, si ile mistari tunayopewa tuipigie rangi, bali yote, sura baada ya sura. Nikakuta mambo ambayo hakuna aliyewahi kunisomea. Nililia, sitawaficha, kwa hasira na kwa furaha, nikaapa kwamba kuanzia hapo sitaamini kitu kwa sababu tu nimeambiwa nikiamini.

Ndiyo nikaanza kula mutura. (Mwingine angeanza na herini, lakini mimi tumbo ndilo lililotangulia.)

Jumapili hiyo ibada ilikuwa saa tisa alasiri, na nilipofika kona moshi ukanipata. Yule kijana wa mutura ananijua.

"Niaje madam, nikukatie kama kawa?"

"Kata, lakini haraka, naenda kanisa."

"Basi niweke pilipili, ukiimba moto uonekane."

Nimekula vipande viwili, kidole kiko kwenye chumvi, nikamwona Mama Tabitha, shemasi wetu, anakuja na kilemba chake cheupe. Ningeiacha tu pale ubaoni mambo yangeisha. Lakini njaa ni njaa, nikaifunga kwa kipande cha gazeti, nikaisukuma ndani ya kifuko changu cha Biblia, kile cha kitambaa chenye zipu, nikafunga. Huo ndio uamuzi wenyewe, ndugu zangu, mdogo hivyo.

"Bwana asifiwe, Mama Tabitha."

"Amina, mwanangu. Mbona unanuka moshi?"

"Ni hii barabara, Mama."

Akanishika mkono tukaenda pamoja, kwa hiyo hata nafasi ya kuitupa sikupata. Halafu nikakumbuka, tayari tuko mlangoni, kwamba kwetu ibada ya nyumbani haianzi mpaka Biblia zote ziwekwe mezani juu ya kitambaa cheupe ziombewe. Nikaibana yangu kwapani, Mama Tabitha akaichomoa kwa upole akaiweka juu kabisa ya zingine, eti ndiyo kubwa.

Tukafumba macho. Maombi ya Mchungaji wetu ni marefu, mnajua, anaanza na marais anamaliza na mifugo, na mimi nikafungua jicho moja nikaona doa. Mafuta yalikuwa yamepenya kifuko, yameteleza kwenye Biblia za chini, yameingia kwenye kitambaa cha Mama na yanaendelea kupanuka. Nikafumba tena jicho, kana kwamba nisipoona hayatakuwepo.

"Mafuta!" Sauti ya Mama Tabitha. "Mchungaji, Neno linatoa mafuta!"

Jamani. Vigelegele. Mtu akaanza wimbo, mwingine akaanguka magoti, Mchungaji akainua mikono anatetemeka, akasema asiguse mtu zipu ile, Biblia itapelekwa kanisani hivyo hivyo watu washuhudie. Mama Tabitha akachovya kidole kimoja, akainua sketi kidogo, akapaka goti lake linalomsumbua tangu nikiwa shule ya msingi. Na mama yangu, mwenyekiti wa akina mama, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akilia hata tulipomzika baba, alikuwa analia waziwazi akisema, "Asante Yesu, mtoto wangu, kumbe ni mtoto wangu."

Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Ningenyamaza, mama angeheshimiwa hadi kaburini, na mimi ningekuwa nabii wa Baba Dogo. Lakini niliangalia lile goti linang'aa, nikajua nikinyamaza nitakuwa nimewapa watu kitu kingine cha kuamini bila kufungua zipu.

Nikasimama. "Mchungaji, hayo mafuta ni ya mutura."

Wimbo ukafia katikati. Nikaenda mezani, nikafungua, nikatoa lile gazeti. (Harufu ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe.)

"Nani amekuwekea?" Mchungaji akauliza, na kwa kweli alikuwa ananipa mlango wa kutokea.

"Nimejiwekea. Nimekula, na nitakula tena."

"Mitume walikataza damu, binti."

"Najua, nimesoma. Nimesoma pia Paulo akiwaambia watu wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Zote mbili zimo humu. Mbona tulisomewa moja?"

Mama Tabitha alikuwa anafuta goti kwa kilemba. Mchungaji akasema, kwa huzuni na si kwa ukali, kwamba mama ambaye nyumba yake imeingiwa na damu hawezi kuongoza akina mama, arudi benchi la nyuma. Mama alikunja kile kitambaa na doa lake akaingia jikoni. Aibu ya mutura ilinitoka siku ileile, lakini mgongo wa mama yangu akiingia jikoni bado unaniuma.

Sasa mutura nakula mchana kweupe, na nimeapa sitaficha tena chakula wala wazo ninaloliamini, kwa sababu siku linapovuja humchafua asiyehusika. Rafiki zangu wananiambia nihame kanisa. Sihami. Kila Jumapili naenda benchi la nyuma, naketi kando ya mama yangu, ambaye kwa miezi kadhaa alinisalimia kama mgeni.

Jumapili iliyopita, Mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, nilisikia kiwiko mbavuni. Mama alikuwa ameacha ukurasa tuliotajiwa, amefungua pengine kabisa, kidole chake kiko juu ya mstari.

"Na hapa," akaninong'oneza bila kuniangalia, "wewe unapasomaje?"