Vyumba Ishirini na Vinane vya Rangi

Saa moja na nusu asubuhi jua limeshafika kizingitini. Mlinzi wa ghala, aliyerudi kutoka lindo la usiku dakika ishirini tu zilizopita, amekaa kwenye stuli mlangoni pa chumba chake akiwa bado na sare mwilini na buti miguuni. Kofia ameipakata. Mbele yake bintiye amepiga magoti, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, anamchora mistari mitatu ya rangi kwenye taya.

"Usicheke, mama. Ukicheka shavu linapanda."

"Mimi sicheki. Wewe ndiye unanitekenya."

Binti anarudi nyuma hatua mbili, anafumba jicho moja na kutazama. Mstari wa kwanza umekaa juu ya ngozi kama chokaa. Wa pili ni mwekundu mno. Wa tatu hauonekani kabisa, na huo ndio anaoutaka. Anachukua daftari na kuandika: matone mawili ya nyeusi, moja la nyekundu, nusu ya nyeupe. Kisha anahamia kwenye paji la uso na kuanza upya.

Keshokutwa ana mtihani wa mwisho wa vitendo, na uso atakaoupamba mbele ya mtahini ni huu huu wa mama yake.

Ana miaka ishirini na mitatu. Chuoni anakosomea urembo ana jina zuri tu alilopewa na wazazi, lakini hakuna anayelitumia. Wanamwita Vidonge, na ukilifungua sanduku lake la mekapu utajua ni kwa nini.

Sanduku lenyewe lilikuwa la fundi baiskeli. Alilinunua likiwa tupu, akalisugua kwa sabuni siku tatu mfululizo hadi harufu ya grisi ikakubali kuondoka. Ndani yake mna brashi tisa zilizofungwa kwenye kitambaa safi, chupa ya spiriti, mfuko wa pamba, poda mbili na chupa tatu za faundesheni, ile rangi ya msingi inayopakwa uso mzima kabla ya mengine yote. Halafu kuna viboksi vinne vya plastiki, vile ambavyo wagonjwa hupangia vidonge vyao, vyenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki.

Ila humo hamna dawa. Mna rangi za mdomo, za kope na za mashavu, vyumba ishirini na vinane kwa jumla, kila kimoja na tarehe yake kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa chini.

"Jumatatu hii ni nyekundu ya kawaida," anaeleza, akionyesha kwa kijiti. "Jumanne ni kahawia. Alhamisi ni ile ya zabibu, mama anaipenda sana hiyo."

"Alhamisi inanipendeza," mama anakubali, macho yamefumbwa.

Wazo hilo lilitoka saluni anakofanya kibarua. Kila alasiri baada ya masomo, Vidonge huosha taulo na brashi za watu, na malipo yake humtosha nauli na sabuni. Huko aligundua kwamba lipstiki ikionekana imekwisha huwa haijaisha. Kwenye kitako cha kasha lake hubaki rangi ya kama nusu kidole, ambayo brashi haiifikii. Watu hutupa.

Yeye hakutupa. Alimwomba mwenye saluni ruhusa ya kuyachukua mabaki hayo, na mwenye saluni, mama mmoja mcheshi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimjibu, "Chukua, mwanangu, mimi na takataka hatujaandikiana mkataba." Nyumbani akawa anakwangua mabaki, anayapulizia spiriti, anayayeyusha kwenye kijiko juu ya mshumaa na kumimina kwenye chumba cha siku inayohusika. Ilimchukua miezi kumi na minne kuvijaza vyumba vyote. Haba na haba, kama wasemavyo, ila kibaba cha kwake kilijaa kwa kijiko cha chai.

Masanduku yaliyokamilika yapo madukani, yanameta, yana vioo na taa. Moja ni sawa na mishahara minne ya mlinzi. Sanduku la Vidonge, ukijumlisha na bei ya lile tupu la fundi baiskeli, halikufika nusu ya mshahara mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Mama yake hulinda usiku kwa sababu lindo la usiku lina posho, karibu theluthi ya mshahara, na posho hiyo ndiyo inayolipa ada ya chuo. Alianza usiku binti akiwa na miaka kumi na minne, baba yake alipofariki. Mwaka huu ni wa tisa. Wamekubaliana kwamba Vidonge akipata cheti na kuanza kazi, mama ataomba kuhamia zamu ya mchana. Akishindwa, anarudia muhula, na muhula ni miezi minne mingine ya mama kukesha getini.

"Mimi sijali," mama anasema. "Nimeshazoea."

"Hajazoea," binti anasema, bila kuinua kichwa. "Anasema hivyo ili nisile kwa uchungu."

Orodha ya chuo ilitaka faundesheni za rangi kumi na mbili, kutoka nyeupe hadi nyeusi. Vidonge alimudu tatu. Ikabidi akili ifanye kazi ya mfuko: akajifunza kuchanganya matone juu ya kifuniko cha bati, hili kidogo, lile kidogo, mpaka ipatikane rangi ya mtu aliyekaa mbele yake. Leo anachanganya bila wasiwasi. Lakini hakuanza hivyo, na somo lenyewe lilimpata mama yake.

Ilikuwa muhula wa kwanza. Darasani wameambiwa rangi hupimwa kwenye taya. Mama naye ukimgusa taya anacheka, na akicheka kila kitu kinahama. Vidonge akaona ya nini tabu, akapimia kwenye paji la uso. "Paji la uso halicheki," anasema. Rangi ikakaa vizuri, ikapotea kabisa kwenye ngozi. Akafurahi, akampaka mama uso mzima, kazi ya saa nzima.

Alichosahau ni kofia. Ile kofia ngumu ya ulinzi, kwa miaka yote ile ya kuvaliwa kila usiku, ilikuwa imelisugua paji la uso na kulitia weusi kuliko mashavu. Mama akatoka pale na uso wa mtu aliyetoka kufagia jiko. Akajitazama kwenye kioo, akasema, "Ahsante, mwanangu." Kisha akavaa kofia yake na kwenda kazini hivyo hivyo.

Getini dereva wa lori alimuuliza kama siku hizi analinda ghala la makaa.

Vidonge hakujua lolote hadi wiki mbili baadaye, mlinzi anayefanya kazi na mama alipopita kuwasalimu na kulisimulia akishika mbavu. Binti alilia. Alimuuliza mama kwa nini hakunawa.

"Ningenawa vipi?" mama anamwambia mwandishi wa habari hii, akinyoosha miguu yenye buti. "Alikuwa ametumia saa nzima. Na alikuwa amefurahi, hukumwona alivyofurahi."

Tangu siku hiyo Vidonge humchanganyia mama rangi mbili, moja ya paji na moja ya mashavu, na kuzikutanisha palepale ukingo wa kofia unapokaa, taratibu, kwa sponji yenye unyevu. Ukiukosea mpaka huo unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ameufanyia mazoezi kila Jumamosi kwa mwaka mzima na zaidi.

Siku ya mtihani wanafunzi kumi na wawili walipanga masanduku yao mezani. Wenzake walikuja na marafiki zao, wasichana wenye nyuso laini kama yai. Kiti cha Vidonge kilikuwa kitupu. Aliyepaswa kumpokea mama lindo alikuwa amechelewa.

Kabla ya yote, mwalimu wa vitendo alikagua masanduku. Ni mwanamke mrefu, hana maneno mengi, na wanafunzi humwogopa kidogo. Alikuwa amemwonya Vidonge mapema: "Mimi sitatazama bei ya vyombo vyako. Nitatazama usafi wake. Vikiwa vichafu, hufanyi mtihani."

Akafungua chumba kimoja baada ya kingine. Akasoma tarehe. Akanusa. Vidonge alisimama mikono nyuma. Kwenye kiboksi cha tatu, chumba cha Ijumaa, mwalimu akasita, akanusa tena.

"Hii imechacha."

Akachukua pamba, akakikomba chumba chote, akaitupa rangi kwenye pipa. Vidonge akajua yamekwisha: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwalimu akaendelea na Jumamosi. Akamaliza kiboksi cha nne, akafunga sanduku na kuweka alama ya vyema kwenye karatasi yake.

"Ishirini na saba," akasema, akaenda meza ya pili.

Mama aliingia mbio zikiwa zimepita dakika kumi, sare mwilini, anahema, anaomba radhi kwa kila mtu hata kwa wasiohusika. Akakaa. Vidonge akamvua kofia, akamfuta uso kwa pamba, akaanza. Na kabla hajamaliza paji la uso, mama akalala.

Hakulala kwa kusinzia. Alilala usingizi wa mtu aliyesimama kwa saa kumi na mbili, kichwa kimeegemea kiti, mdomo wazi kidogo.

Hapa msomaji aelewe jambo moja. Kope unaweza kuipaka rangi mtu akiwa amefumba macho. Wanja na maskara, ile rangi ya nywele za kope, hapana, hivyo vinataka jicho wazi, litazame juu, litulie. Na macho yalikuwa na alama ishirini na tano kati ya mia.

Vidonge akaendelea na ambayo usingizi hauyazuii. Mashavu, pua, kidevu, ule mpaka wa kofia. Dakika zikawa zinakimbia. Mwalimu akapita, akatazama saa, akamtazama mama.

"Mbona humwamshi?"

"Ametoka lindo, Mwalimu. Nimwache kidogo tu."

Mwalimu akaziangalia zile buti, akaandika kitu, akapita.

Zilipobaki dakika sita ndipo alipomgusa bega. Mama akashtuka, akauliza nani yuko getini. Darasa likacheka, naye akacheka, na kicheko kile kikala dakika nzima. Jicho la kulia likapata wanja na maskara, safi kabisa. Kengele ikalia la kushoto likiwa halijaguswa.

Mwalimu akamchukua mama hadi mlangoni penye mwanga wa jua. Akamgeuza huku na huku, akautafuta ule mpaka wa kofia kwenye paji la uso na asiuone. Akamuuliza Vidonge ametumia rangi namba ngapi.

"Hazina namba, Mwalimu. Ziko tatu, nimezichanganya."

Mama akapewa kioo. Akajitazama muda mrefu kuliko watu wanavyojitazama. "Ni mimi," akasema taratibu. Kisha akaona macho yake. "Jicho la kulia linakwenda harusini. La kushoto linarudi lindo."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alimgombeza binti yake. "Mimi nalala kila siku! Mitihani unayo mingapi wewe? Ungenimwagia hata maji."

Vidonge alimpa mwandishi jibu lake, siku chache baadaye, akikunja taulo za saluni. "Nilimwangalia pale nikasema, huyu amesimama miaka tisa kwa ajili yangu, mimi nishindwe kumpa robo saa? Alama ningezitafuta tena. Nampenda mama yangu. Basi."

Matokeo yalitoka wiki mbili baadaye. Macho, alama kumi kati ya ishirini na tano. Rangi ya uso, alama zote. Jumla sabini na nane. Amefaulu.

Mwenye saluni amempa kiti cha dirishani, siku nne kwa wiki, wagawane mapato. Vidonge anasema akishapata wateja atanunua faundesheni ya nne, na viboksi vyake havitoki sandukuni hata akitajirika. Anataka wateja ambao saluni nyingi hazijui pa kuwaanzia: walinzi, wafagiaji wa barabara, wanawake wenye alama za kazi usoni.

Mama ameshaandika barua ya kuomba zamu ya mchana, na imekubaliwa. Anaanza mwanzo wa mwezi ujao. Posho inakatwa, na wote wawili wanajua kwamba miezi ya mwanzo watabana matumizi.

Mwandishi alimuuliza mama atafanya nini usiku wa kwanza atakaolala kitandani kwake.

"Sidhani kama nitalala. Mwili umeshasahau. Nitajilaza tu hivyo hivyo, macho wazi."

"Sasa hiyo faida yake nini?" binti akamuuliza kutoka ndani.

"Nimekuacha una miaka kumi na minne," mama akasema. "Nataka nijue kama unakoroma."