Shairi la Nahodha wa Nyota

Mnisamehe kwa mwandiko huu na herufi nitakazoruka. Niliishia darasa la nane na kalamu yangu huenda polepole.

Nikisikia harufu ya vumbi likiungua juu ya televisheni iliyopata moto, hurudi sebuleni kwa Mama Shiru, jirani yetu katika mtaa wa Landless, Thika. Yeye tu ndiye aliyekuwa na televisheni kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga. Jioni moja walianza kuonyesha mchezo mpya wa watu wanaosafiri kati ya nyota. Chombo chao kikaharibika, na nahodha akasimama dirishani akikariri shairi la zamani la Kiingereza. Mama yangu, aliyekuwa akichambua sukuma mapajani, akamaliza mstari kabla ya nahodha.

Wanawake wa ploti waliokuwa wakitazama wakamgeukia.

"Haiya! Mama Wambui, hii si imeanza leo?" Mama Shiru akasema. "Wewe umeionea wapi? Ama kuna sebule ingine unatembelea hizo Jumamosi zako?"

Wanawake wakacheka. Mama akainamia mboga. Mimi sikucheka. Kila Jumamosi, Baba akiwa zamu kiwandani, Mama alisema anaenda Ruiru kumwona cucu, mama yake. Nikaanza kumchunguza: amevaa viatu gani, mbona amejipaka mafuta. Niliogopa Baba akisikia maneno hayo, nyumba yetu itavunjika.

Jumamosi iliyofuata nililia mpaka akanichukua. Tulifika kweli kwa cucu, huko Kiuu, Ruiru, lakini bado sikuamini. Mama alipotoka kuteka maji, nikamtajia cucu yale maneno machache ya nahodha niliyoyakumbuka.

Cucu akacheka, akayaendeleza mwenyewe, kwa Kiingereza asichokielewa hata kidogo.

"Huyo mama yako! Alituchosha nayo tukichuma kahawa. Alikuwa amechaguliwa kuisema mbele ya wazazi, shuleni. Halafu baba yake akaugua, mama yako akaacha shule, akabaki na mimi shambani."

Jioni nyingine nahodha alilirudia shairi lake. Nikamtazama Mama, nikitamani amtangulie tena, Mama Shiru asikie. Midomo yake ilitembea mpaka mwisho, bila sauti.

Wakati huo nilishukuru tu kwamba Baba hangesikia lolote. Ni siku hizi tu ninaelewa kwamba Mama alinyamazishwa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeketi kando yake.

Kama kwenu kuna mtu aliyeacha shule na bado ana shairi kichwani, mwambieni aliseme kwa sauti, kisha mniandikie ilivyokuwa. Barua zenu nitamsomea Mama.