Nondo wa Kijani

Mtaani walimwita Bwana Ndege, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege katika hifadhi ya bwawa la matete. Majira ya kuchipua yakiingia na vitwitwi wa majini wakirejea kutoka safari zao za mbali, nyumbani alionekana mgongo tu: darubini shingoni, buti za mpira miguuni, daftari kwapani.

Mkewe, fundi cherehani, moyo wake ulikuwa kwa nondo, wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo. Bustanini aliweka sanduku lenye taa juu na trei tupu za mayai ndani. Nondo waliifuata taa usiku, wakajibana kwenye vishimo vya trei mpaka asubuhi, naye akawahesabu na kuwaachia, kila siku kichaka kingine.

"Mbona unazunguka nao kama anayeomba kura?" mumewe alimtania.

"Ndege wako ni wajanja kuliko wewe, mzee. Ukiwaachia nondo mahali pamoja siku tatu, ya nne wanakuja na sahani."

Mwaka huu mama huyo hakuinuka. Kitanda kilihamishiwa sebuleni, chini ya dirisha, na daktari hakuficha kitu: zilibaki wiki chache. Mgonjwa alitamani jambo moja tu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao alimwona nondo mkubwa wa kijani mwenye mikia miwili, na hakumwona tena.

"Nimwone huyo," alisema, "ndipo nipumzike."

Basi mzee akashika zamu ya sanduku. Kila asubuhi alimsomea mkewe hesabu kupitia dirishani, kisha akakung'uta trei palepale kwenye ngazi ya mlango, chini ya dirisha, maana alikuwa mbiombio: dawa ndani, bwawa nje. Wiki ya pili kurumbiza mmoja, ndege mdogo mwenye kifua rangi ya chungwa, akawa anatua ngazini kila siku. Mzee alifurahi kama aliyepata mgeni.

"Amekuja kukujulia hali."

"Mwulize ameleta nini," mkewe alisema, akafumba macho.

Asubuhi moja, kwenye trei ya chini kabisa, akamkuta. Kijani kama jani jipya, mikia miwili, ametulia tuli. Aliiweka trei ngazini, akaingia ndani kumwinua mgonjwa na kumpangia mito.

"Mama, amka. Yupo."

Alipolivuta pazia, kurumbiza alikuwa akifuta mdomo kwenye ukingo wa ngazi. Juu ya trei zilibaki mbawa nne.

Akamletea ubawa mmoja, wenye mkia. Mkewe aliuinua kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unakung'utia palepale?"

"Palepale."

Mzee alingoja alaumiwe. Heri angelaumiwa.

"Alikuja na sahani?" mkewe akauliza, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Mzee akalichukua daftari.

"Andika," alisema mkewe. "Kijani, mmoja. Andika alikuwa hai tulipompata."

Akaandika. Siku hiyo hakuna aliyehesabu ndege bwawani.

Wiki iliyofuata, watu wa msiba walipokwisha kuondoka, mzee alifungua sanduku, akazunguka na trei mpaka kichaka cha mwisho uani. Akahesabu kwa sauti, nondo mmoja mmoja, kisha akageuka kulitazama dirisha.