Abjadi ya Shangazi Kwenye Waya wa Posta

Mjukuu wangu ananieleza kwamba kompyuta haijui alifu wala haijui A. Kila herufi imepewa namba yake, na hizo namba ndizo zinazosafiri. Ananieleza taratibu, kama vile nitaumia. Nikamwambia hayo nilishayaona posta, wakati wa Mwingereza. Akacheka. Basi naandika, ingawa niliishia darasa la nne na sijui kama nitayapanga sawasawa.

Tulikuwa tunakaa Kinondoni, mie na shangazi yangu mjane. Binti yake alikuwa Kilwa kwa baba yake mkubwa, na huyo ndiye aliyekuwa na idhini ya kumwoza. Siku moja abiria wa lori la kusini akatuletea habari: binti anaozwa Ijumaa kwa mwenye duka jirani yao. Mwenyewe hamtaki, amelia mpaka sauti imekauka.

Njia ya kuwahi ilikuwa telegramu. Tabu ni kwamba baba mkubwa alisoma chuoni tu, chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu. Za Kizungu hakuzijua. Barua za namna hiyo akisomewa na mtu mmoja, huyohuyo mwenye duka. Niseme haki: sina ushahidi kwamba angeipotosha. Huenda angeisoma neno kwa neno. Lakini kwa nini tumwombe bwana harusi asome karatasi ya kumkataa yeye mwenyewe?

"Mama, mashine haina herufi hizi za Kiarabu," karani wa posta alituambia. Alikuwa kijana wa bara, mpole. "Mwambie huyu akuandikie Kizungu. Nami nitajaza hapa kwenye fomu kwamba wewe hujui kusoma."

"Nani hajui? Mie nimehitimu Kurani babako hajaota ndevu!"

Watu waliokuwa nyuma yetu wakaangua kicheko. Karani naye akacheka, wala hakukasirika.

"Namba je? Mashine yako inazo?"

"Namba zipo, mama. Zinakwenda tano tano, kila tano zinahesabiwa neno moja."

"Basi ngoja hapo."

Waliopita chuoni wanajua kwamba herufi zile kila moja ina hesabu yake, ndiyo abjadi: alifu moja, be mbili, jimu tatu, mpaka zinafika makumi na mamia. Wengi waliitumia kwa kupigia falaki, kutazamia nyota. Shangazi alikaa kwenye benchi akaandika maneno mawili tu, Usimwoze, Hataki, kisha chini ya kila herufi akaweka hesabu yake. Irabu nyingi aliziacha, maana msomaji wa chuoni huzijaza mwenyewe. Akanipa nizigeuze ziwe tarakimu za Kizungu, kwa sababu tarakimu za chuoni nazo ni tofauti.

Nikazigeuza moja moja. Karani akaziunganisha tano tano kama sheria yake ilivyotaka.

"Zikigandana hivi atazitengaje?" nikauliza.

"Atazitenga," shangazi akasema. "Hakuna herufi inayoanza na sifuri. Kila sifuri ni ya tarakimu iliyoitangulia. Hebu nisomee."

Nikasoma: moja, sitini, arobaini, sita, sabini...

"Sabini? Sabini ya nani?"

Nikatazama. Tano ya chuoni ni kiduara, na sifuri yao ni nukta. Nukta nilizigeuza vizuri zote, lakini kile kiduara macho yangu ya darasa la nne yalikiona sifuri. Saba yake ikavaa sifuri isiyo yake, na neno la pili likakosa kichwa, ile he ya Hataki.

"Nipe kalamu," nikasema, nikasahihisha. Makundi matatu: 16040 67540 02010.

Karani akazitazama. "Mama, kwa kweli hii mie siwezi kujua inasema nini."

"Wewe hujaandikiwa. Peleka."

Akapeleka, na lile neno la hujui kusoma hakulijaza.

Ya Kilwa sikuyaona, nayaeleza nilivyoelezwa na binti. Tarishi aliiacha karatasi dukani kama kawaida. Mwenye duka akaifungua, akaona tarakimu tupu, akaidhania azima ya mganga. Akaishika kwa ncha ya vidole, akampelekea baba mkubwa, huku akisema, "Hii sisomi mie, isije ikanidhuru." Baba mkubwa tarakimu za Kizungu alizizoea kwenye sarafu; akaitambua abjadi, akatafuta kijiti, akachora chini uani, akitenga moja moja.

Jibu lilikuja Alhamisi, nalo kwa tarakimu. Shangazi alilifungua ukumbini kwetu, majirani wamejaa, mie nikamsomea tarakimu, naye akatamka herufi baada ya herufi mpaka likakaa. Baba mkubwa alisema ndoa haipo, aje amchukue mwanawe. Kisha akaongeza, na nadhani naye alikuwa na haki ya kuongeza, kwamba shangazi amemwaibisha mbele ya watu wake.

"Shemeji yako amekasirika," jirani mmoja akasema. "Ungemwomba radhi."

"Akasirike," shangazi akasema, akitafuta buibui lake. "Kusoma amesoma. Lori la Kilwa linaondoka saa ngapi?"