Ukuta Ambao Kogo Hakuupaka

Naikumbuka siku ile kwa vumbi lake, mwanangu. Hata leo mtu akikung'uta gunia la unga karibu nami, moyo unaruka. Unacheka? Cheka tu, meno ni yako. Lakini jana ulipokaa hapo ukilalamika eti wenzako wamejenga na wewe umeachwa nyuma, mimi nililiona lile jabali jeupe tena, nikakosa usingizi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami bado msichana wa kuchota maji na kuchunga ndama. Tuliishi kwenye shamba la mzungu upande wa Elementaita, baba akikamua ng'ombe. Kaka yangu Kiprono alikuwa kibarua Naivasha, na habari ikatufikia kwamba Jumamosi anamleta mke nyumbani. Kwetu bibi harusi haingii nyumba ya udongo hivi hivi. Lazima kuta zipakwe nyeupe, ajue alikuwa anangojewa. Kazi hiyo ilikuwa ya nyanya yetu, tuliyemwita Kogo, pamoja na mimi na binamu yangu Tapsubei.

Udongo mweupe ulitoka kwenye jabali lililo juu ya mto. Tuliuita chokaa, ingawa si ile ya dukani. Ni mwepesi, ukiuvunja mkononi unakuwa unga. Kogo alikuwa na sheria moja tu: chimbia juu. Unazunguka kando, unapanda vidato walivyokata mama zetu, unakwangua kule kileleni. Shida ni kwamba udongo wa juu umechanganyika na mchanga na mizizi. Inabidi uuloweke chunguni, ukoroge, mchanga ushuke, umimine yale maji meupe kwenye chungu kingine, kisha ukae ungoje weupe utulie chini. Kungoja huko, mwanangu! Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Sasa chini kabisa ya jabali udongo ulikuwa safi, wa kuchota na kupaka. Wengine wenye haraka walikuwa wamekwisha kuchimba shimo pale, mtu aweza kuingia akiinama. Tapsubei alikuwa mwepesi wa miguu na wa mdomo pia. Mimi nikiwa juu nakwangua, Kogo akiwa mtoni anakoroga chungu chake, yeye akachukua karai akaingia shimoni.

"Kwaruza tu, konokono!" akanipigia kelele. "Mimi nitamaliza ukuta mzima kabla hujashuka."

Ai, nilimwonea wivu, kusema kweli. Nilitazama vumbi langu la kijivu nikataka kulia.

Hapo ndipo nilipoona mstari umefunguka ardhini, hatua moja tu mbele ya miguu yangu. Nikapanua mdomo nipige ukemi. Kogo naye alikuwa ameinua macho. Aliona unga mweupe ukichuruzika usoni pa jabali, juu ya shimo. Akaninyooshea kidole: nyamaza, usimshtue, rudi nyuma. Kisha akaita, sauti ile ile ya kila siku.

"Tapsubei, mama, njoo unishikie chungu. Mkono umekufa ganzi."

"Naja, Kogo, wacha nijaze karai."

"Karai litangoja. Chungu kinaniponyoka, mama."

Tapsubei alikuwa na mdomo, lakini alimpenda nyanya yake. Akatoka mbio mikono mitupu, akavuka hadi mtoni. Alikuwa ameshakishika chungu jabali lilipoanguka. Halikupiga kelele nyingi. Lilishuka kwa uzito, pu! na dunia yote ikawa nyeupe. Lile karai liko chini ya kifusi mpaka leo.

Nilishuka sijui kwa njia gani. Nikamkuta Kogo amemkumbatia Tapsubei, wote wawili weupe, analia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika babu. Mimi nikajiunga nao tukalia pamoja. Baadaye akajifuta, akatushika mkono akatugeuza tutazame.

Pale jabali lilipokatika palikuwa pameachwa uso mpya, na ndani yake mistari: mweupe, mweupe, kisha mwembamba wa kijivu, kisha mweupe tena, hadi juu.

"Mnaona?" Kogo akasema. "Hapa palikuwa ziwa. Mama yangu aliniambia, na nimeokota mifupa ya samaki hapa nikaamini. Huu weupe ulitulia kama unavyotulia chunguni, kidogo kidogo, hakuna mtu aliyekuwepo kuuharakisha. Nanyi mnataka kuula kwa asubuhi moja, tena kuanzia miguuni!"

Watoto wangu waliposoma waliniambia hayo hayo kwa maneno ya shule. Kwamba kuna vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho, vikifa maganda yake huzama. Kwamba milima ilitema moto na majivu yakaangukia ziwani, ndiyo ile mistari ya kijivu. Halafu Bonde la Ufa likapasuka, ardhi ikapanda, maji yakarudi nyuma, mto ukakata ukuta. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini wahenga hao hao walisema bandu bandu huisha gogo, na hiyo nyinyi mnaisahau.

Jioni tulipaka kwa kile kilichotulia chunguni. Kilitosha kuta tatu. Jumamosi mke wa Kiprono akafika, akatazama, na kwa vile hakuwa mwoga akauliza, "Kogo, mbona huu mmoja mmeuacha?"

Kogo akamvuta Tapsubei mbele yake. "Ule ungepakwa kwa uhai wa huyu. Nikaona nibaki naye."

Ukuta ule haukupakwa tena. Kogo alikataa hadi kufa kwake, na kila mgeni aliyeuliza alioneshwa binamu yangu. Naye ndiye yule shangazi yako wa Lanet anayekugombeza kila Krismasi.

Kwa hiyo mwanangu, hujachelewa, unatulia. Maji yako bado ni meupe, usiyakoroge kwa kutazama chungu cha jirani. Na mtu akikuonyesha njia ya mkato, angalia kwanza unachimba miguu ya nini. Shamba la baba yako, jina lako, afya yako, hivyo ndivyo vimesimama juu ya kichwa chako. Ukiitwa na mtu anayekupenda, hata kama sababu ni ya kipuuzi, acha karai uende.

Mungu akupe nyumba, mwanangu. Na ikibaki na ukuta mmoja haujapakwa, akupe watu wote wa kukaa ndani yake.