Kikombe cha Nalongo na Mafla Kumi na Moja za Katwe

Ni Jumanne, Juni 11, saa nne kasoro robo asubuhi, Katwe, Kampala. Ssalongo Erisa Bbosa, Ssalongo maana yake baba wa mapacha, amelala chali chini ya Subaru ya mteja wake Mulindwa, anakaza bolti ya mwisho ya mafla, lile kopo la mwisho wa bomba la moshi linalomeza kelele. Mulindwa yuko kwenye usukani, anangoja aambiwe akanyage mafuta.

Bbosa anajifuta mikono, anaingia chumba cha nyuma ya karakana. Juu ya kigoda kuna kikombe cha bati kilichojaa maji mpaka ukingoni. Anainama, anakikazia macho, anaita: "Kanyaga."

Gari linanguruma, sauti nene ya chini, kama mtu mzima anayesafisha koo. Maji yametulia tuli.

"Imepita," anasema.

Hajafika mlangoni, maji yanaanza kutetemeka, kisha yanamwagika. Anatoka mbio kumgombeza Mulindwa, lakini Mulindwa ameshazima gari. Linalotikisa nyumba ni lori la ofisi ya mji, mafla yake inaning'inia kwa waya, linaegesha mbele ya karakana. Wamekuja kukamata kelele.

Kufika saa tano, mafla kumi na moja, kazi ya karibu wiki tatu, zimo ndani ya lori hilo, na mlango wa karakana umebandikwa muhuri. Wakampa Mulindwa siku tatu atoe ile mafla mpya na kufunga nyembamba, la sivyo gari lizuiliwe.

Afisa aliyeongoza msako alikuwa na kipimo chake cha kelele: mdomo mpana ni kosa. Alikunja ngumi, akaisukuma kwenye mdomo wa kila mafla. Ilipoingia, mafla ilipakiwa. Ilipogoma, mafla iliachwa. Iliyoachwa ni moja tu, nayo ilikuwa mbovu, imeletwa kutupwa.

Bbosa alipomwonyesha kikombe, vijana wa lori walicheka, mmoja akauliza kama mzee anauza na chapati.

"Afande, wewe unapima kwa ngumi, mimi napima kwa maji," Bbosa alimjibu mkubwa wao. "Basi tuwaulize majirani, kichaa ni nani hapa?"

Majirani waliangalia chini. Ndivyo walivyo majirani lori la serikali likishaegesha.

Bbosa ana miaka hamsini na minane. Shule aliiacha darasa la nne, akaanza kuchomelea majiko na mageti, na huu ni mwaka wa ishirini na sita yuko chini ya magari. Kabla ya Juni 11 alikuwa akiuza mafla nne kwa wiki, shilingi laki tatu kila moja, nusu yake ikirudi kwenye chuma. Sasa anakarabati majiko ya mkaa kwa shilingi elfu nane, barazani kwa watu.

Kikombe kilikuwa cha mkewe, Nalongo Edisa, mama wa mapacha hao. Moyo wake ulipoanza kumsumbua, alihamia chumba cha nyuma ili mume awe karibu, na kila gari lililojaribiwa lilimpiga kifuani. Siku moja aliinua chai yake na kusema, "Ssalongo, tazama. Hii ikitetemeka, na mimi nimetetemeka."

Tangu siku hiyo hakuna gari lililotoka pale mpaka chai ya Nalongo itulie. Wateja walimjua. Walimsalimu dirishani kwanza, ndipo wakazungumza na fundi.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Gari la wagonjwa lilikuwepo, mafuta hayakuwepo. "Ya kuja kuchukua mafla zangu yalipatikana," Bbosa anasema.

Ukimuuliza namna ya kuchagua mafla ya gari la turbo, ile feni inayosukumia injini hewa iongezeke nguvu, uchungu unampungua kidogo. Anasema wengi huanza na sauti, na hapo ndipo wanapopotea. Yeye humuuliza mteja kwanza turbo ina ukubwa gani, gari linapanda milima ipi, na nyuma ya ukuta wake analala nani.

"Turbo ni mtu aliyepanda kilima mbio. Ukimziba mdomo, unamuua," anasema. "Mwachie njia pana ya kupumua, halafu kelele uimeze pembeni."

Ndiyo maana mafla zake zina mdomo mpana. Ndani hupita bomba moja lililonyooka, lenye matundu kama chujio, na kulizunguka amesokota pamba ya chuma kwa mkono. Moshi unapita bila kizuizi, sauti inazama kwenye pamba. Mwili wa mafla ukiwa mfupi, sauti haipati pa kuzamia, na kikombe kitasema.

Mulindwa alitii amri. Alifunga mafla nyembamba, ngumi haikuingia, wakamgongea muhuri. Siku ya tisa baada ya hapo, akipanda kutoka Mukono, turbo iliungua. Alirudi Katwe akivutwa kwa kamba.

"Ssalongo, nimetii sheria mpaka gari limekufa," alimwambia. "Nifungulie mdomo."

Bbosa alimtengenezea na kumfungia mafla nyingine yenye mdomo mpana wiki hiyohiyo, uani kwa Mulindwa, mchana kweupe, baada ya turbo mpya kupatikana. Hakujificha. Aliwatumia ofisi salamu kwamba kazi imefanyika, na mahali akawatajia.

Bintiye Nakato, mwalimu, ndiye aliyemsomea sheria yenyewe. Ukurasa wa tatu unasema kelele zitapimwa kwa chombo. Ngumi haijatajwa. Tangu hapo, kila Jumanne, Bbosa huvaa kanzu na koti, hubeba kikombe ndani ya kitambaa, na kwenda ofisini kuomba chombo hicho kiletwe. Kila Jumanne karani humwambia mwenye nacho hayupo.

Ijumaa hii shauri lake litasikilizwa ofisini humo. Akishindwa, mafla kumi na moja zitakatwa ziwe chuma chakavu, na karakana haitafunguliwa tena. Mpango wake ni mmoja: kikombe juu ya meza yao, gari la Mulindwa chini ya dirisha, kisha lile lori lao.

"Wakikataa, muhuri nitaubandua mwenyewe," anasema. "Waje wanifunge. Nitawangoja pale kwenye kigoda cha Nalongo."

Nakato alipoijaribu mafla ya Mulindwa, ngumi yake ilizama yote. Ngumi ya Bbosa, iliyovimba kwa miaka ya nyundo, iligota mdomoni. Siku hiyohiyo Bbosa alimwandikisha bintiye barua kwa ofisi ya mji. Imeshapigwa mihuri sita ya kupokelewa, jibu hata moja hakuna, na swali lililomo ni hili tu: ngumi inayopima ni ya nani?